Kliniki ya vidonda vya miguu: pesa ileile, mguu mwingine

Donda ndugu la mguu halina haraka. Linafunga, linafumuka, linafunga tena, na mwenye nalo hupanga wiki yake kwa siku ya kubadilisha bendeji. Kwa hiyo hunikera nikisikia kliniki za jamii za vidonda hivi zikipimwa kwa swali moja tu: je, ni nafuu kuliko muuguzi kumfuata mgonjwa nyumbani?

Uingereza walishalijibu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, wagonjwa 233 wenye vidonda vya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine kliniki kila wiki, wengine nyumbani na wauguzi wao kama kawaida. Kwa mwaka, mgonjwa wa kliniki aligharimu wastani wa pauni 878, wa nyumbani 859. Mhasibu angefunga daftari hapo. Ila nusu ya watu wa kliniki walikuwa wamepona kidonda katika wiki 20. Wa nyumbani ilichukua wiki 43. Kila mgonjwa wa kliniki alipata takriban wiki sita zaidi bila kidonda, wiki za kuvaa kiatu na kulala bila kuhofia shuka.

Nina neno na washabiki wa kliniki pia. Kliniki zile zilitumia bendeji ya tabaka nne. Nyumbani kila muuguzi alifunga alivyozoea. Sasa kilichoponya ni chumba au bendeji? Mimi naegemea bendeji: sufu kwanza, kisha krepu, kisha ya mpira, kisha inayojishika yenyewe, kutoka shina la vidole hadi chini ya goti, ikibana zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda, ili damu iliyotuama isukumwe juu. Na kabla ya kubana lazima ateri, mishipa inayopeleka damu mguuni, zipimwe kwa Dopla, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, maana mguu usiofikiwa na damu ya kutosha, ukiubana, unaweza kuupoteza.

Mkono wa kufunga namna hiyo hukomaa kwa kufunga miguu mingi, na hapo kliniki inashinda, kwani miguu yote inakuja mahali pamoja. Lakini bibi asiyeweza kushuka kitandani? Afuatwe na mkono uleule, kwa bendeji ileile. Tena zile pauni ni za huduma ya afya ya serikali. Siku ya kazi anayoipoteza binti anayemsindikiza mamake kliniki haimo mle.