Ukumbi uliobomolewa, anwani bado ipo

Jana nimeweka Regal Theater kwenye ramani, na haikunichukua hata nusu saa. Utafiti wangu wa likizo hapa Chicago ni kuonyesha kumbi za muziki wa watu weusi zilikuwa wapi, na Regal ilifunguliwa 1928 kwenye mtaa wa 47. Magazeti ya zamani ya Chicago Defender yamejaa matangazo ya dansi: jina la bendi, saa, namba ya mlango. Namba zenyewe zinakuongoza. Nyumba ya Muddy Waters, yule mwanamuziki wa blues, ni 4339 South Lake Park, kwa hiyo unajua iko kati ya mtaa wa 43 na wa 44 kabla hujafunga viatu.

Nilifurahi, kisha nikakasirika, kwa sababu nilikumbuka Kisumu.

Najua mtasema huyu ameenda juzi tu, ameshaanza kutudharau. Sidharau mtu. Mimi ni wa benga, muziki wetu wa gitaa wa Wajaluo, tangu tumboni. Na wale wa "hata Wamarekani wanabomoa": ndiyo, Regal ilibomolewa 1973. Hicho ndicho kinachoniuma. Jengo halipo zaidi ya miaka hamsini, na mgeni kama mimi, asiyemjua mtu yeyote mtaani, analipata.

Sasa nimpigie mjomba, kule mtaa wa Kondele, Kisumu. Anakumbuka nani alipiga solo, nani alivunja chupa, nani alitoroka na mke wa nani. Nikimuuliza ukumbi ulisimama wapi: "Si pale steji ya zamani, mkabala na yule Mhindi wa vyuma!" Steji ilihamishwa, Mhindi alifunga duka, na ukitafuta anwani unapata S.L.P. tu. Sanduku la posta halinionyeshi watu walicheza wapi.

Na huu si muziki mdogo jamani. Santuri za mtayarishaji Oluoch Kanindo ziliuzwa hadi Zimbabwe, na huko benga yenyewe ikaitwa kwa jina lake. D.O. Misiani wa bendi ya benga ya Shirati Jazz alifariki kwa ajali ya barabarani hapo hapo Kisumu mwaka 2006. Mtoto wa shule pale mtaa wa Manyatta ataonyeshwa wapi kwamba hapa ndipo walipopiga?

Kuna atakayesema kwanza maji, kwanza barabara. Sawa, lakini kuandika ukumbi ulikuwa ploti gani hakupunguzi hata lori moja la murram. Kazi hii inataka daftari, simu ya kurekodi na mtu wa kukaa na wazee. Wazee wenyewe tunawazika kila Ijumaa na Jumamosi.

Kwa hiyo nawaomba, hasa mlio Kisumu, Siaya, Homa Bay na Kakamega: kama babu yako alipiga besi au aliuza tiketi mlangoni, mpeleke mpaka mahali penyewe kwa boda, asimame hapo, mwandike mtaa, ploti, mwaka na jina la bendi. Nitumieni. Ramani nitachora mimi.