Struts ya kale ilijua fomu kuliko sisi

Nikipewa mradi wa Java niukague, huanza na kontrola zinazopokea fomu. Nikikuta entiti ya JPA (kiwango cha Java cha kuhifadhi data), klasi ileile inayokwenda kwenye hifadhidata, ndiyo inayojazwa moja kwa moja na kivinjari, najua nina kazi.

Wenzangu hujitetea kwamba klasi ya pili kwa ajili ya fomu ni kurudia kazi bure. Malalamiko hayo ni ya tangu 2001, Struts 1.0, mfumo wa kujengea tovuti kwa Java, ilipotoka na ActionForm yake, klasi ya kubeba kilichoandikwa kwenye fomu. Sisemi turudi huko. Struts 1 ilifikia mwisho wake 2013, na lile lifaili la mipangilio la struts-config.xml nani atalililia? Ila kuhusu fomu, waliotengeneza Struts walikuwa na hoja.

Chukua ombi la mkopo wa Sacco. Mwanachama anaandika kiasi 500,000/=, kama tunavyoandika sote. Kwenye entiti, kiasi ni BigDecimal, aina ya namba ya Java, haipokei koma wala mkwaju. ActionForm kwa desturi ilibeba String, yaani maandishi matupu, kwa hiyo mtu alirudishiwa kilekile alichoandika, na maelezo ya kosa pembeni. Spring MVC, mfumo mwingine wa tovuti za Java, nayo huitunza thamani iliyokataliwa ndani ya BindingResult, kitu kinachobeba makosa ya fomu, mradi uiweke mara tu baada ya kitu cha fomu kwenye mabano ya mbinu yako. Ukiisahau, mwanachama anatupiwa kosa la 400 (ombi baya) na fomu nzima inampotea.

Halafu kuna wizi. Entiti ya Mkopo ina riba, ina hali. Spring, usipoizuia, hujaza kila sehemu ambayo jina lake limo kwenye ombi, iwe ulichora kisanduku chake kwenye ukurasa au hukuchora. Anayejua kutumia curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari, anaongeza hali=IMEIDHINISHWA, na kama unahifadhi kilichokuja bila kukipangia hali upya, amejiidhinishia mkopo mwenyewe. Ipo setAllowedFields ya kutaja sehemu zinazoruhusiwa kujazwa, lakini ni orodha ya majina ndani ya alama za nukuu, kompaila haiyakagui. Badilisha jina la sehemu na data inadondoka kimya kimya.

Tangu Java 16, kisingizio cha kurudia kazi kimekwisha, kwa kuwa ipo record, klasi fupi ya kubeba data:

record FomuYaMkopo(String kiasi, Integer miezi, String sababu) {}

Mstari mmoja! Riba haimo, hali haimo, basi hakuna cha kujazwa. Kugeuza kiasi kuwa namba na kuunda Mkopo ni kazi ya huduma yako, ambako sheria za Sacco zinakaa.

Ukishahifadhi, usirudishe jina la ukurasa. Rudisha "redirect:/mikopo/" pamoja na namba ya mkopo, ili kivinjari kielekezwe kwenye anwani nyingine. Bila hivyo, mtu akipakia ukurasa upya kivinjari kinatuma POST, yaani fomu ileile, tena, na Sacco ina maombi mawili. Hili wengi wanalijua. Wanachosahau ni kwamba redirect haimzuii anayebonyeza Tuma mara mbili kabla jibu halijafika, na mtandao ukiwa mzito nani habonyezi? Struts 1 ilikuwa na saveToken na isTokenValid: tokeni (alama ya siri ndani ya fomu) ya matumizi ya mara moja, ombi la pili linakataliwa. Spring MVC haikuletei hiyo, na tokeni ya CSRF ya Spring Security, ile ya kuzuia tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina la mtumiaji, si mbadala wake, kwa kuwa haifi baada ya kutumika. Itabidi uiandike mwenyewe.