Arosto ikiisha, ugonjwa bado upo

Katika mitaa yetu ya Dar es Salaam kuna tiba ya uteja, yaani uraibu wa heroini, ule unga, ambayo kila familia inaijua bila kufundishwa na mtu: kijana anafungiwa chumbani. Mlango unatiwa kufuli, dirisha linapigiliwa mbao, uji anapelekewa na mdogo wake, wazee wanakaa barazani kusubiri. Siku zikipita akatoka ameoga, anakula, anasalimia watu, basi mtaa mzima unasema amepona. Mimi naamini tiba hiyo inaua, na inawaua watu ambao ndugu zao waliwapenda kwa dhati.

Niliiona kwa karibu Magomeni, nyumba ya jirani. Kijana mwenyewe tulicheza naye chandimu tukiwa wadogo, kwa hiyo mama yake aliniruhusu kuingia kumjulia hali. Arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga uliouzoea, ilikuwa imemshika. Alikuwa anapiga miayo bila kupumzika, kamasi na machozi yanamtiririka, ngozi imemsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa. Jasho linamtoka shuka nzima, na bado anaomba blanketi, katika joto lile la Februari mnalolijua. Kila baada ya muda mfupi anakimbilia ndoo kwa kuharisha. Magoti yanamuuma hadi anayagonga ukutani. Mama yake kakaa kizingitini anamwambia, "Vumilia baba, yatakwisha."

Na yalikwisha kweli. Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, yaani kipimo cha mwisho cha unga, hukaza zaidi siku ya pili na ya tatu, na sehemu kubwa huisha kwa takriban wiki moja. Ndiyo maana kufungia watu kunaonekana kumefaulu. Anayeangalia kamasi na kuhara anaona vimekoma, anashukuru Mungu, anafungua mlango.

Kilichokoma ni arosto peke yake. Heroini ikitumika kwa muda mrefu hubadilisha namna ubongo unavyopokea raha, maumivu na msongo. Ubongo huo haurudi ulivyokuwa kwa wiki moja. Hamu inaweza kumrudia mtu miezi mingi baadaye, kwa sababu ndogo tu: kapita karibu na maskani ya zamani alikokuwa akivutia na wenzake, kashika elfu kumi mkononi, kagombana na kaka yake. Kumwambia mtu huyo "jikaze" ni kumdai kitu ambacho ugonjwa wenyewe umekishambulia.

Hatari kubwa iko hapa, na naomba mzazi anayesoma asiipite haraka. Mtu anayetumia unga kila siku, mwili wake huwa umezoea, kwa hiyo anahimili kiasi ambacho kingemuua mgeni. Akikaa bila unga wiki kadhaa, mazoea yale yanapungua sana. Akirudia, anarudia kipimo chake cha zamani. Pumzi zinapungua, midomo inabadilika rangi, anakoroma kama amelala usingizi mzito, na wenzake wanamwacha alale. Hivyo ndivyo wengi wanavyokufa, na wanaotoka gerezani wako kwenye hatari hiyo hiyo. Naloksoni, dawa inayozuia kifo cha namna hii, ipo duniani miaka mingi. Natamani kila mtu anayeishi na mtumiaji wa heroini angekuwa nayo na kufundishwa kuitumia.

Yule jirani yetu alirudi maskani kabla mwezi haujaisha. Watu walisema hana shukrani, wengine wakasema karogwa. Alinusurika, na baadaye akaanza kuhudhuria kliniki ya Mwananyamala inayotoa methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini.

Kliniki hizi hazijatangazwa vya kutosha. Muhimbili ilianza Februari 2011, Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke, na sasa huduma imefika mikoa mingine. Matibabu ni bure. Mgonjwa anafika kila siku, anapewa dawa ya maji kwenye kikombe, anainywa mbele ya mtoa huduma na kuongea maneno mawili matatu ili ionekane ameimeza. Basi, anaondoka.

Najua lawama inayosikika hata misikitini na makanisani: mnambadilishia ulevi tu. Siikubali. Kete inashika saa chache, ndiyo maana teja anaamka akitafuta pesa na kulala akitafuta pesa, anapiga debe stendi, anaokota vyuma chakavu, anauza sufuria ya mama yake. Methadoni ikipimwa vizuri inashika siku nzima, inazuia arosto na hamu bila kumpa stimu. Mtu anaweza kufanya kazi na kulea watoto. Anayeinywa hana haja ya sindano, na sindano za kuchangia ndizo zinazosambaza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anatumia insulini maisha yake yote na hatumwiti mlevi wa insulini.

Ina mipaka yake pia. Inasaidia waliozoea heroini na dawa za jamii yake, haitibu uraibu wa bangi wala kokeini. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Nilifurahi kama wengine. Lakini methamfetamini ni dawa ya kusisimua, si ya jamii ya heroini, na kwa hiyo hatuna kikombe cha kunywa kila asubuhi. Huko kazi kubwa ni ya washauri nasaha na muda mrefu wa kufuatiliwa, na washauri hao ni wachache.

Kinachoniumiza zaidi ni wanawake. Wanaofika kliniki ni wachache sana wakilinganishwa na wanaume. Mwanamke teja anaogopa kuonekana, anaogopa kunyang'anywa mtoto, na mara nyingi mwanaume anayempa unga ndiye anayempa pa kulala. Akiwa mjamzito, familia inakimbilia kumfungia ili "aokoe mtoto", wakati arosto ya ghafla inaweza kuiharibu mimba yenyewe. Methadoni chini ya uangalizi wa daktari ni salama zaidi kwake na kwa mtoto. Mama huyo akitoka Mbagala au Bunju kila siku na tumbo lake, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, atakata tamaa mapema. Dawa isogezwe kwenye vituo vya afya vya kata, pale pale anapopimwa ujauzito, aipate siku ile ile ya kliniki yake ya kwanza.