Dick Fitzgerald: tusimpime kwa medali tano

Wanaomsifu Dick Fitzgerald, mchezaji wa mpira wa Kigaeli (mchezo wa Ireland wa kutumia mikono na miguu) wa timu ya kaunti ya Kerry, huanza na medali zake tano za ubingwa wa Ireland: 1903, 1904, 1909, 1913 na 1914. Mimi naona orodha hiyo inapotosha. Ubingwa wa 1903 uliamuliwa 1905, tena baada ya Kerry kukutana na kaunti ya Kildare mara tatu. Na orodha haisemi kuwa 1910 Kerry waligoma kusafiri kwenda fainali kwa ugomvi wa tiketi na kampuni ya reli. Wapinzani wao, Louth, wakatwaa ubingwa bila kucheza.

Unahodha wake wa 1913 ndio wa kutazama. Mwaka huo mpira wa Kigaeli ulipunguza wachezaji kutoka 17 hadi 15 kila upande. Wakitoka watu wanne uwanjani, kubutua mpira juu na kuugombania kwa kikumbo hakulipi tena. Anayefaidi ni yule anayemtafuta mwenzake asiyekabwa. Fainalini Kerry waliifunga kaunti ya Wexford 2-2 kwa 0-3: namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Goli moja ni pointi 3, kwa hiyo soma 8 kwa 3. Mwaka 1914, akiwa bado nahodha, walitoka sare na Wexford hao hao, kisha wakashinda marudio 2-3 kwa 0-6.

Halafu kuna mguu wake. Mwaka 1910 nguzo za nje za kila upande wa goli, ambazo mpira ukipita ndani yake ulihesabiwa pointi, ziliondolewa. Pointi ikawa lazima ipite juu ya mwamba, katikati ya nguzo mbili tu, na anayepiga kutoka pembeni akabakiwa na upenyo mwembamba. Fitzgerald alisifika kwa mpira wa kukunja. Ukiwa winga ya kulia na unatumia mguu wa kulia, piga kwa upande wa nje wa kiatu: mpira uanze kuelekea ndani ya uwanja, kisha ujikunje kulia kuifuata nguzo. Kosa la wengi ni kulenga nguzo moja kwa moja. Mpira ukijikunja unatoka nje.

Mwaka huo wa 1914 alichapisha kitabu cha kufundisha mchezo huu, jambo ambalo nahodha wa wakati ule hakutarajiwa kulifanya. Kwangu kina uzito kuliko medali yoyote. Mwaka 1915 Wexford walilipiza kisasi, 2-4 kwa 2-1, na 1916 Waingereza walimweka kizuizini katika kambi ya Frongoch, Wales, ambako wafungwa waliendelea kucheza. Alifariki 1930, na uwanja wenye jina lake katika mji wa Killarney, Kerry, ulifunguliwa 1936.