Les Amazones walikuwa askari kweli

Mwandishi wa makala iliyowekwa humu anasema Les Amazones de Guinée, bendi ya wanawake ya Guinea, Afrika Magharibi, walikuwa wanamuziki wa kawaida waliovishwa sare ili wapendeze jukwaani. Hapo sikubaliani naye. Wale akina mama walikuwa askari wa jandarmeri, yaani polisi wa kijeshi, na kundi lao liliundwa humo humo kazini mwaka 1961, enzi za Rais Sékou Touré. Walianza na mandolini na fidla, magitaa ya umeme yakafuata baadaye. Na si kuimba tu: gitaa, besi, drams, saksafoni, vyote vilipigwa na wanawake, jambo ambalo huku kwetu hata leo ukiliona lazima ugeuze shingo. Sisi wa Dar mfumo wa bendi za kazini tunaujua: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima. Tofauti ni nani aliyepewa vyombo. Mama yangu aliimba kwaya ya kiwanda kimoja; mazoezi yalikuwa baada ya zamu, vumbi la pamba bado limeganda kwenye nywele, na asiyefika alihojiwa kama mtoro wa kazi. Wanakwaya hao waliitwa Mei Mosi na wageni wakija, basi. Gari na safari za kurekodi redioni zilikuwa za bendi ya wanaume. Guinea iliwapeleka wanawake wake FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi, Lagos, 1977! Wakongwe humu, nani anaikumbuka Women Jazz, bendi yetu ya wanawake ya miaka ya 60, na iliishia wapi?