Moto wa Tumbo na Kopo la Unga

Timu ndogo ikipangiwa kigogo, magazeti huandika kwamba wachezaji wako tumbo joto. Mfiwa akiletewa sahani hujibu kwamba chakula hakishuki. Msemaji wa Kiswahili hahitaji daktari amwambie kwamba tumbo na moyo hupashana habari. Swali gumu ni jingine: ukishakubali kwamba hofu huvuruga tumbo, umfuate nani kulitibu? Ayurveda, tiba ya kale ya India, ina jibu lake, na jibu hilo lina sehemu mbili: namna ya kula, na dawa zilizosagwa kuwa unga. Wapenzi wake na wapinzani wake hukosea mahali pamoja, kwa kuzihukumu sehemu hizo mbili kama kitu kimoja.

Tuanze na inachokijua vizuri. Charaka Samhita, kitabu cha msingi cha tiba hiyo chenye umri wa karibu miaka 2,000, kinasema kwamba hata chakula kizuri kilicholiwa kwa kiasi hakisagiki iwapo mlaji ana wasiwasi, huzuni, woga, hasira au amekosa usingizi. Kinachosaga ni agni, moto wa ndani. (Kwetu tumbo joto ni hofu, kwao tumbo likipoa ndipo ugonjwa unapoanza.) Moto huo una hali nne: uliotulia, unaoyumba, mkali mno na uliofifia. Unaoyumba ndio wa yule anayefunga choo leo, akaharisha keshokutwa, tumbo limejaa gesi na usingizi wa kurukaruka. Daktari wa hospitali akisikia maelezo hayo atafikiria IBS, yaani utumbo unaochokozeka upesi bila kidonda wala uvimbe wa kuonekana. Maradhi ya kundi hilo sasa madaktari huyaita matatizo ya mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Majina ni mawili, mgonjwa ni yuleyule.

Sayansi ilifika hapo kwa njia ndefu. Mwaka 1822 kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya katika kisiwa cha Mackinac, Marekani, na jeraha likapona likiacha tundu linaloingia tumboni. Daktari wake, William Beaumont, alichungulia tundu hilo kwa miaka, na katika kitabu chake cha 1833 akaeleza kwamba hasira ilivuruga usagaji wa chakula. Leo njia yenyewe inajulikana. Neva ya vagus huunganisha ubongo na tumbo, na nyuzi zake nyingi, takriban 8 kati ya 10, hupeleka habari kutoka tumboni kwenda juu. Mtu akiogopa, tumbo huchelewa kumwaga chakula ilhali utumbo mpana huongeza mwendo. Ndiyo maana mwanafunzi asubuhi ya mtihani hataki hata chai, lakini chooni ameshakwenda mara tatu.

Hapa huingia maneno ya kupamba. Utasikia kwamba sehemu kubwa ya serotonini, kemikali ya mwili inayohusishwa na furaha, karibu asilimia 90, hutengenezwa utumboni, kwa hiyo ukila hiki au kile utafurahi. Lakini serotonini ya utumboni haivuki ukuta unaoulinda ubongo. Kazi yake iko hukohuko chini: kusukuma chakula na kuamsha neva.

Sasa namna ya kula. Msomaji wa Pwani anaijua hadithi ya Mtume kuhusu theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Charaka naye hugawa tumbo mafungu matatu: la vyakula vigumu, la majimaji, na la tatu huachwa. Sababu ya kimwili ipo: tumbo likivutwa kupita kiasi, mlango wake wa juu hulegea na kiungulia hupanda. Ayurveda husema pia usile kabla mlo wa kwanza haujasagika, na mlo mkubwa uwe wa mchana. Kwa mwenye kiungulia, kuacha saa 3 kati ya chakula cha usiku na kulala ni ushauri ambao hospitali nayo humpa.

Chakula cha mgonjwa katika Ayurveda ni khichdi, ambayo jikoni kwetu ni mseto: wali uliopikwa na choroko, au pojo kama wanavyoziita Mombasa. Kwa tumbo lililochafuka, chukua kikombe 1 cha mchele na nusu kikombe cha choroko zilizotolewa maganda. Loweka choroko saa 4, kisha mwaga maji yale, kwa sababu baadhi ya sukari zinazoleta gesi huyeyukia humo. Pasha kijiko 1 cha chakula cha samli, tia nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba, tangawizi kidogo na mvuje chembe tu, uache sekunde chache. Mvuje ukiungua huwa mchungu. Tia mchele, choroko na maji vikombe 6, moto mdogo, kama dakika 40, mpaka ulainike kama uji mzito. Hakuna kitunguu wala saumu, na hapo ndipo kuna akili: vitunguu vina frukitani, sukari inayowachachukia utumboni watu wengi wenye IBS, na mvuje hutoa ladha ya kitunguu bila kuileta. Ila mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo asiyepatana na ngano asome pakiti. Na mtoto mchanga asinyweshwe mvuje kabisa. Unaweza kuiharibu damu yake ishindwe kubeba oksijeni.

Dawa moja ya Kihindi imevuka mpaka bila ugomvi: isabgol, maganda ya mbegu za psyllium. Madaktari wa IBS huipendekeza wenyewe. Anza na kijiko 1 cha chai katika maji ml 250, unywe papo hapo kabla hayajaganda, kisha glasi nyingine ya maji. Ongeza polepole kwa wiki moja au mbili, isizidi gramu 10 kwa siku. Wanaolalamika kwamba imewajaza gesi kwa kawaida walianza na vijiko vitatu siku ya kwanza. Ikinywewa na maji kidogo inaweza kuvimba na kuziba koo. Dawa nyingine ziachane nayo kwa saa 2.

Je, mfumo mzima unafanya kazi? Jaribio moja la Ujerumani, lililochapishwa 2021 likiwa na wagonjwa 69 wa IBS, lilikuta ushauri wa lishe wa Ayurveda umepunguza dalili kuliko ushauri wa kawaida baada ya miezi 3. Wapenzi hulitaja kama ushindi. Lakini mgonjwa alijua yuko kundi gani, na IBS ni ugonjwa unaoitikia matarajio kupita kiasi: katika utafiti wa 2010 huko Marekani, wagonjwa 80 waligawanywa, nusu wakapewa vidonge wakiambiwa wazi kwamba havina dawa ndani, na asilimia 59 yao walipata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 ya wasiopewa kitu. Mpinzani atasema Ayurveda ni vidonge hivyo kwa jina lingine. Hoja hiyo inamkata pande zote mbili, maana ikiwa utulivu wa akili huponya utumbo, basi saa ya kukaa na mtaalamu anayekusikiliza ni sehemu ya dawa. Pumzi za tumbo nazo zina ushahidi wake kwa kiungulia: vuta sekunde 4 tumbo likipanda, toa sekunde 6, dakika 10 baada ya mlo.

Ninapogoma ni pale uhusiano wa tumbo na akili unapogeuzwa kuwa kipimo cha ugonjwa. Kwa miaka mingi madaktari duniani waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakaonyesha miaka ya 1980 kwamba vingi huletwa na bakteria, Helicobacter pylori, na 2005 wakapewa Nobel. Mtaani bado tunaambiana “ni mawazo hayo.” Anayeambiwa moto wake umefifia aongeze tangawizi na pilipili manga, huku anakunywa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuchubua tumbo, kwa ajili ya mgongo kila siku, anaweza kuwa anavuja damu.

Kosa la kawaida hutokea kwenye kipimo. Mtu hununua omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, dukani, akaitumia mwezi, kisha akapimwa choo au pumzi, jibu likatoka hana bakteria, akarudi kwenye unga wa Ayurveda. Omeprazole isimamishwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibayotiki wiki 4, la sivyo bakteria hujificha. Kipimo cha damu hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani. Na choo cheusi, damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni au upungufu wa damu si mambo ya agni wala ya msongo.

Imebaki sehemu ya unga. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni, na karibu moja kati ya tano ilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Zile za rasa shastra, tawi linalochanganya mitishamba na madini kwa makusudi, zilikuwa kama 2 kati ya 5. Maneno bhasma, rasa au parpati, majina ya dawa za tawi hilo, kwenye kopo yakusimamishe, ingawa kukosekana kwake si dhamana: hata bidhaa zisizo za tawi hilo, asilimia 17 zilikuwa na madini hayo.

Ubaya wa risasi ni kwamba huiga ugonjwa uliokupeleka dukani. Hufunga choo, husokota tumbo, huondoa hamu ya kula, huleta hasira za haraka na kukosa usingizi. Mtaalamu asiyeishuku atasoma dalili hizo kama moto unaoyumba, aongeze kijiko cha pili. Mtu aliyetumia unga wa Ayurveda kwa miezi na tumbo likazidi kusumbua amwambie daktari jina la unga huo, abebe na kopo lenyewe, na aombe damu ipimwe kiwango cha risasi. Kipimo cha kawaida cha damu hakikionyeshi.