Bakshishi za Hoteli za Ufukweni: Nani Anazihesabu?

Maduka ya kubadilishia fedha Zanzibar huchukua noti tu. Ndiyo maana ufukweni Kiwengwa, ambako Waitaliano wamekuwa wakishukia miaka mingi, si ajabu kumwona kijana wa hotelini akimfuata mgeni na kiganja kilichojaa sarafu za yuro, anaomba ampe noti ya kumi achukue sarafu zake. Zote hizo ni bakshishi. Mmoja aliacha moja mezani, mwingine akaacha mbili kwenye kaunta ya baa, kila mmoja akaenda zake roho nyeupe akijua ametoa. Kijana amebaki na chuma mfukoni, anangoja Muitaliano mwingine mwenye huruma aje akigeuze kuwa pesa.

Dola nayo ina masharti yake. Noti za zamani, hasa za kabla ya 2006, hukataliwa. Ya dola moja hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko ya mia, na iliyochanika pembeni hurudishwa. Na tangu Machi 2025, kanuni za serikali zimekataza bei na malipo ya humu nchini kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mhudumu hawezi hata kuipeleka dukani kwa mangi akachukua mchele.

Mwaka 2024 wageni wa kigeni walioingia Zanzibar walikuwa zaidi ya 700,000, na wanaojali mambo haya huuliza swali moja kabla ya kupanda ndege: nitoe kiasi gani? Majibu yamezagaa. Dola moja kwa begi, mbili au tatu kwa siku kwa msafisha chumba, asilimia 10 mgahawani kama bili haina ada ya huduma. Si majibu mabaya. Lakini lipo swali zito zaidi, ambalo mgeni halifikirii na mwenye hoteli hapendi liulizwe: ikishatoka mkononi mwa mgeni, hiyo bakshishi nani anaihesabu?

Wanaotetea bakshishi ya mkono kwa mkono wana hoja yenye uzito, na wengi wao ni wafanyakazi wenyewe. Mshahara unakuja mwisho wa mwezi, ukichelewa unakuja tarehe kumi. Bakshishi inakuja leo. Ndiyo nauli ya daladala, ndiyo mboga ya jioni, ndiyo ada ya chuoni kwa mtoto. Haipiti kwa mhasibu, haingoji sahihi ya mtu. Mgeni akiandika kwenye risiti ya kadi kwamba dola ishirini ni za mhudumu, hizo dola zinaingia kwenye akaunti ya kampuni, na mhudumu ndiye atakayekwenda dirishani kwa mhasibu kuziulizia, kwanza kwa adabu, halafu kwa aibu, mwisho anaacha. Aliyepitia hayo mara mbili huwezi kumwambia habari za sanduku la pamoja.

Sasa tazama ni nani anayesimama mbele ya mgeni. Kazi za mbele hotelini, yaani mapokezi, mgahawa na baa, zinataka lugha. Wenye Kiingereza cha hoteli na Kiitaliano cha kuchekesha wageni wengi wametoka Bara au Kenya, wamepita vyuo vya utalii, wana vyeti. Mwenyeji wa Matemwe au Jambiani mara nyingi utamkuta bustanini, kwa dobi, au alfajiri na reki akizoa mwani uliotupwa na maji ya usiku. Saa mbili asubuhi mgeni anatoka na taulo lake, anakuta mchanga mweupe hauna hata jani, anadhani ndivyo bahari ilivyouacha. Aliyeuzoa mwani huo ameshaondoka zamani. Mgeni hamjui, hajamwona, na hawezi kumpa kitu mtu ambaye hajui kama yupo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema bakshishi ni malipo ya huduma nzuri. Kwa sehemu kubwa ni malipo ya kuonekana. Mtu wa baa anaweza kupata usiku mmoja wa wageni wachangamfu kile ambacho mwosha vyombo hakioni mwezi mzima, na wote wawili wameshika glasi zilezile. Wahudumu nao wanazijua meza. Meza ya Wamarekani inagombewa, maana kwao kutoa ni ada. Meza ya wageni ambao kwao ada ya huduma imeshaingia kwenye bei ya chakula inaachiwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo.

Na sisi je? Tunaotoka Dar es Salaam kwa boti siku ya Ijumaa, au ndugu wanaorudi kutoka Muscat na London kuja kula sikukuu, tunaijua hali ya kukaa mezani dakika ishirini huku mhudumu akipita mbele yetu kwenda kwa mzungu aliyeingia sasa hivi. Tunakasirika, na kwa hasira hiyo hatuachi kitu. Naye anapata ushahidi kwamba Waswahili hawatoi. Sijui nani alianza, lakini mzunguko huo upo, na hauvunjiki kwa kumsema mhudumu peke yake.

Anayesafisha vyumba yuko mahali pagumu kuliko wote. Anaingia chumbani asubuhi, mgeni ameshakwenda, na kwenye meza ya kitandani kuna noti ya dola kumi. Ni yake, au imesahaulika? Akiichukua na mgeni akarudi kuiulizia, ni mwizi, na kazi imekwisha. Akiiacha, inakaa pale mpaka mgeni anaondoka, na yule wa zamu ya jioni anaipata. Hata ikiwa ni yake kweli, bado lango la wafanyakazi liko mbele, mlinzi anakagua mikoba, na dola ndani ya mkoba wa msafisha chumba zinahitaji maelezo. Mgeni angetumia nusu dakika kuandika "asante" kwenye kikaratasi na jina la chumba, mambo yote hayo yasingekuwepo. Sehemu kubwa ya adabu ya kutoa iko hapo, na haigharimu senti.

Kuna pia upande wa mgeni, na si haki kuuruka. Huyu mtu amelipa viza, dola 50 kwa wengi na 100 kwa Mmarekani. Tangu Oktoba 2024 analipa dola 44 za bima ya lazima ya Zanzibar, hata kama ana bima yake kutoka kwao. Amelipa chumba, amefungwa bangili ya plastiki mkononi na kuambiwa kila kitu kimo ndani. Halafu anakwenda shamba la viungo, vijana wanamsukia kofia, tai na mkufu wa makuti, wanamvalisha bila kumwuliza, mwingine anapanda mnazi huku akiimba, na mwisho wa njia kuna sahani inangoja. Anarudi hotelini amechoka na kila mkono ulionyooshwa. Mwenye kuumia ni msafisha chumba, ambaye hakumwomba chochote. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wazee, ila hawakusema aponywe mara ngapi kwa siku.

Mgeni huyu akiuliza kwa nini mshahara wa mhudumu uwe juu yake wakati analipa dola mia tatu kwa usiku, ana haki ya kujibiwa. Na jibu la kweli ni kwamba bakshishi inamsaidia tajiri mwenye hoteli pia. Kwenye usaili maneno ni yaleyale: mshahara ndio huu, lakini hapa tipu zipo. Hela ya mgeni inakuwa sehemu ya ajira bila kuandikwa kwenye mkataba. Marekani jambo hili limefika hadi kwenye sheria: kima cha chini cha shirikisho kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na hakijapandishwa tangu 1991. Mwajiri anatakiwa ajazie kama bakshishi hazikufikisha kima cha kawaida cha dola 7.25, lakini nani atathubutu kumdai? Zanzibar hatuko huko, ila ukimsikiliza meneja anayekataa kupandisha mishahara kwa sababu "wageni wanatoa", unaiona njia inakoelekea.

Hesabu ya utaratibu huu huonekana masika inapoingia. Aprili na Mei mvua zinanyesha, hoteli kadhaa zinafunga, wafanyakazi wanarudishwa nyumbani. Bakshishi inakuwa sifuri siku hiyohiyo. Michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ilikatwa kwenye mshahara wa kwenye karatasi, si kwenye hela za mezani, kwa hiyo mafao ya uzeeni yatahesabiwa kwa ule mdogo. Aliye kwenye likizo ya uzazi analipwa kwa ule mdogo. Anayetaka mkopo benki anapeleka hati ya mshahara, na benki haikopeshi kwa ukarimu wa Wapolandi. Miaka kumi mtu amepata hela nzuri, na hana karatasi hata moja inayosema hivyo.

Basi wengi husema dawa ni sanduku moja, liwekwe mapokezi, mgeni atumbukize siku ya kuondoka, wagawane wote mpaka mzoa mwani. Nakubaliana na wazo hilo, na bado namwelewa anayelikataa. Zipo hoteli ambazo ufunguo wa sanduku anao meneja peke yake. Zipo zinazogawa kwa pointi, na pointi nyingi ziko kwa wasimamizi, ambao tayari mishahara yao ni mikubwa. Zipo zinazokata humo gharama za sahani na glasi zilizovunjika, kana kwamba mgeni alikuwa anachangia vyombo vya tajiri. Sanduku la namna hiyo ni baya kuliko noti ya mkono kwa mkono, kwa sababu mgeni anaondoka ameridhika na mfanyakazi hajui hata kilichoingia.

Visiwa vingine vimelishughulikia jambo hili kwa sheria au kwa amri. Maldivi, ambako hoteli nyingi ziko peke yake juu ya kisiwa na mfanyakazi hana pengine pa kwenda, marekebisho ya sheria ya ajira yamelazimisha hoteli kutoza ada ya huduma isiyopungua asilimia 10, na asilimia 99 ya fedha hizo igawiwe wafanyakazi kwa usawa. Mwajiri anaruhusiwa kubakiza asilimia 1 tu kwa usumbufu wa hesabu. Mzoa mwani wa kule anapata sawa na mtu wa baa. Jamaica, hoteli za Sandals zimechukua njia nyingine: wafanyakazi wengi hawaruhusiwi kabisa kupokea, isipokuwa wachache kama watumishi binafsi wa vyumba vya daraja la juu. Mgeni anapumzika kichwa, hana haja ya kutembea na noti. Ila hapo mfanyakazi anaitegemea nia njema ya kampuni tu, na nia njema haiandikwi kwenye hati ya mshahara.

Mimi naona njia ya Maldivi ina mantiki zaidi, pamoja na kasoro yake. Anayejituma na anayelala wanapata kiasi kimoja, na mhudumu hodari ana sababu ya kunung'unika. Pia bei inapanda kwa mgeni, ingawa angalau anaijua mapema. Kilicho muhimu kule ni kwamba hela ina sheria inayoifuata. Uingereza nako, tangu Oktoba 2024, mwajiri haruhusiwi kuchukua sehemu ya bakshishi, anatakiwa kutunza kumbukumbu, na mfanyakazi ana haki ya kuomba kuiona. Hiyo haki ya kuomba kuona karatasi ndiyo ningependa iletwe kwetu kabla ya asilimia yoyote. Hata bila sheria inawezekana. Kilimanjaro, makundi mengi ya wapandaji husoma kiasi hadharani siku ya mwisho, wagumu (yaani wabeba mizigo), wapishi na waongoza watalii wakiwa wamesimama pamoja, na kila mtu anaondoka anajua fungu lake. Hoteli inaweza kufanya vivyo hivyo kila tarehe thelathini: sanduku lifunguliwe kantini ya wafanyakazi, wahesabu watu wawili waliochaguliwa na wenzao, jumla ibandikwe ukutani.

Mpaka siku hiyo, anayekwenda Nungwi au Paje mwezi ujao na abebe noti za shilingi 5,000 na 10,000. Dola na sarafu aziache kwao. Akifika mapokezi aulize, kwa upole tu, sanduku linafunguliwa lini na nani anahesabu. Wakimjibu bila kusitasita, na jibu hilohilo akalisikia kwa mhudumu, atumbukize humo. Wakianza kutazamana, basi agawe kwa mkono, na siku moja aamke saa kumi na mbili asubuhi, ashuke ufukweni kabla reki hazijamaliza kazi.